Chongoni: Milima Inayotunza Siri za Kina Mama

Likizo ikikaribia, jamii nyingi za mjini huwaza Mombasa tu. Si vibaya. Lakini iwapo mwaka huu mna akiba ya kuvuka mipaka, hebu fikirieni Malawi.

Ukitoka Lilongwe kwa barabara ya M1 kuelekea Blantyre, baada ya kilomita 80 na kitu utafika Dedza, mji ulio juu kuliko miji yote ya nchi hiyo. Beba sweta, hasa Juni na Julai! Karibu na hapo ndipo ilipo milima ya Chongoni, yenye misitu ya miombo na misonobari iliyopandwa, na majabali ya itale yaliyojiinamia kama vibanda. Kwenye kuta za vibanda hivyo kuna michoro ya kale. Mahali 127 pamehesabiwa, na mwaka 2006 UNESCO ilipatia eneo hilo hadhi ya urithi wa dunia, pamoja na Kondoa ya Tanzania.

Tazama rangi. Michoro myekundu ni ya Watwa, wawindaji walioishi huko kabla ya wakulima. Usitafute twiga wala swara. Utaona duara ndani ya duara na mistari sambamba, ambayo wataalamu huihusisha na mvua na uzazi. Msomaji wa Mfangano, katika Ziwa Victoria, hatashangaa, kwani miamba ya kisiwa chake ina duara kama hizo. Wachewa husimulia kwamba mtu huyo mfupi akikutana nawe alikuuliza, "Umenionea wapi?" Ole wako ukijibu, "Hapa hapa." Mwenye busara alisema amemwona tangu akiwa mbali kule mlimani!

Michoro myeupe ndiyo iliyo na uzito zaidi, kwa maoni yangu. Kina mama wa Kichewa walipaka udongo mweupe kwa vidole, wakachora wanyama waliotandaza miguu kama ngozi iliyowambwa. Hayo yalikuwa masomo ya unyago, waitao chinamwali. Mingine ni ya vinyago vya Nyau, chama cha siri cha wanaume. Wangoni walipovamia katika karne ya 19, na baadaye wamishonari walipopiga vita ngoma hizo, siri zilikimbilia mapangoni.

Uchoraji umekoma, lakini unyago ungaliko. Kwa hivyo mwelekezi akikataa kufafanua picha fulani mbele ya wanaume au watoto, msimshurutishe. Hilo si jumba la makumbusho. Ni darasa la watu.

Rangi nyekundu imeshikamana na jiwe, lakini udongo mweupe umekaa juu juu tu na hubanduka ukiguswa. Usiushike, usiumwagie maji ili picha ing'ae, wala usiandike jina lako. Wako waliokwisha kuandika, na aibu yao ingali ukutani. Miti nayo hukatwa kwa kuni na makaa, na majabali yanazidi kubaki wazi.

Muda ukiwa mfupi, nenda Namzeze, kwani huko utaona nyekundu na nyeupe pamoja. Panda asubuhi, kati ya Mei na Oktoba, ukiwa na viatu visivyoteleza. Kisha teremka hadi Mua, kwenye kituo cha utamaduni cha Kungoni kilichoanzishwa mwaka 1976, ukavione vinyago vya Nyau vyenyewe.