Kupanga Mistari ya Jedwali kwa Safu Ibadilikayo

Mtu akusanyaye maneno katika jedwali la kawaida la lugha ya R huenda akataka kuyapanga leo kwa safu ya «ngeli», kesho kwa «idadi». Kwa hiyo huliweka jina la safu katika kibadilika, nasi tukiite chaguo. Hapo ndipo penye mtego. Akiandika jedwali[order(chaguo), ], R haiendi kwenye safu. Hulipanga lile neno «ngeli» lenyewe, neno moja tu, na kumrudishia mstari wa kwanza peke yake, bila ya onyo lolote. Jedwali likiwa na mistari 2,000, mistari 1,999 haimo katika jibu, naye asiyehesabu hatambui. Wanasarufi twaijua tofauti hiyo: kulitaja jina si kumwita mwenye jina.

Dawa ni mabano ya mraba maradufu, yaani jedwali[order(jedwali[[chaguo]]), ]. Kwa jedwali la data.table, programu iliyotoka kwanza mwaka 2006, yafaa setorderv(jedwali, chaguo), ipokeayo hata majina kadhaa pamoja. Ila watunga kamusi waiangalie sana: hulipanga upya jedwali lenyewe, si nakala, tena hutanguliza herufi kubwa zote, hata «Unguja» ikawa mbele ya «asali».