Watu 10,000 Chini ya Paa Moja: Mtoko Wetu Uko Tayari kwa Arena?

Hebu vuta picha. Jumamosi usiku, wewe na mwenzi wako mmepanga mtoko wiki nzima. Nywele zimesukwa, viatu vipya, tiketi mbili ziko kwenye pochi. Shoo ni ya uwanja wa wazi, pale Kinondoni. Saa nne staa mnayemsubiri hajapanda jukwaani. Saa nne na robo inashuka mvua! Mnakimbilia chini ya mwavuli wa muuza chipsi, matope hadi kwenye vifundo, na mwenzi wako kashanuna. Mnarudi nyumbani kila mtu anaangalia dirisha lake.

Nani wa kulaumiwa? Si wewe wala yeye. Kilichokosekana ni paa.

VIWANJA VYETU

Dar haijawahi kukosa sehemu ya kujirusha. Wazazi wetu walicheza Vijana Jazz pale Vijana Social Hall, Kinondoni. Baadaye ikaja zamu ya Twanga Pepeta na Mango Garden, huku wapenzi wa taarab wakijazana Travertine, Magomeni. Watu wa Temeke nao wana TCC Chang'ombe, na Mbagala Zakhem kuna Dar Live. Penzi la mtu na mwenzake lililoanzia kwenye mojawapo ya viwanja hivi, wala usihesabu, ni mengi!

Tatizo linakuja shoo ikiwa kubwa. Rick Ross alipokuja kwa ajili ya Fiesta mwaka 2012, jukwaa lilifungwa Leaders Club, mashabiki kibao na juu yao mawingu. Kumbi zenye paa, kama Diamond Jubilee au Mlimani City, sakafu yake ni tambarare. Zinafaa sana kwa harusi na mikutano, lakini kwenye shoo aliyekaa nyuma anaangalia visogo vya wenzake.

JIRANI KAFANYAJE?

Tarehe 9 Agosti 2019, Rais Paul Kagame alifungua Kigali Arena, jirani na Uwanja wa Amahoro. Ina viti 10,000, ilijengwa na kampuni ya Kituruki iitwayo Summa, na gharama iliyotajwa ni dola milioni 104 za Kimarekani. Mwezi uliofuata Ne-Yo alikuwa jukwaani. Mwaka 2022 ikabadilishwa jina na kuwa BK Arena, na Desemba 2023 Kendrick Lamar akaimba humo humo.

Sasa sikia hii. Oktoba 2023, tuzo za Trace zilifanyika ndani ya arena hiyo, na Diamond Platnumz akaondoka na tuzo ya msanii bora wa Afrika Mashariki. Kijana wa Tandale, Kinondoni, anashangiliwa chini ya paa la Kigali! Hapa kwetu mipango ya kujenga arena imetajwa zaidi ya mara moja. Siku ikifika, wewe mlipa kiingilio udai nini? Picha za taa za rangi zisikupumbaze. Angalia mambo haya.

MACHO NA MASIKIO

Kwanza, viti vya arena hupangwa kwa ngazi, kama bakuli, ili kila mtu aone juu ya kichwa cha aliye mbele yake. Na katikati hakutakiwi nguzo hata moja. Kwa hiyo paa lazima lijishikilie lenyewe kutoka ukuta hadi ukuta, na bado libebe uzito wa spika na taa zinazoning'inizwa siku ya shoo.

Pili, sauti. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita 50 kutoka kwako, mwangwi unakurudia baada ya karibu theluthi moja ya sekunde. Maneno yanapandana, na wimbo wa mapenzi unageuka kuwa kelele. Dawa yake ni kufunika kuta na dari kwa vitu laini vinavyomeza sauti. Bati tupu nalo halifai. Nani asiyejua mvua ya masika ikipiga bati ilivyo?

JOTO LA DAR

Mtu mmoja aliyekaa tu hutoa joto la kama wati 100. Watu 10,000 ni sawa na kuwasha pasi 1,000 ndani ya chumba kimoja! Na hapo hawajaanza kucheza. Kigali kuna baridi ya milimani, lakini Dar ni jasho. Arena yetu itahitaji mitambo mikubwa ya hewa na jenereta ya uhakika. Umeme ukikatika, feni zikasimama na taa zikazima, hapo habari inakuwa nyingine.

MILANGO, JAMANI

Hapa naomba tuache utani. Siku ya Idd, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa kwenye ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi mjini Tabora. Machi 2021, kwenye Uwanja wa Uhuru, Temeke, watu 45 walipoteza maisha kwa msongamano wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Wale wote walitoka majumbani kwao wakijua watarudi.

Ukumbi wa maelfu unahitaji milango mingi pande zote, inayofunguka kwa nje na isiyofungwa kufuli shoo ikiendelea. Ngazi ziwe pana, na taa za kuonyesha njia ziwe na umeme wake. Tiketi zikiisha, zimeisha. Baunsa anayepokea chochote kidogo na kuingiza watu wa ziada hakufanyii fadhila, anakuweka hatarini. Na wajenzi tafadhali, vyoo vya akina dada viwe vingi kuliko vya wanaume. Foleni zetu mnazijua!

SAA NANE USIKU, UNARUDIJE?

Watu 10,000 wanatoka kwa pamoja. Hata nusu yao tu wakipanda Coaster za abiria 30, zinatakiwa Coaster zaidi ya 160. Ndiyo maana mahali pa kujenga ni muhimu kama jengo lenyewe. Barabara ya Kilwa ina njia za mwendokasi hadi Mbagala, lakini zitasaidia kama mabasi yanasubiri shoo iishe.

Dada anayeishi Tandika au Buza ananielewa. Kama hana uhakika wa usafiri, ana njia mbili: abaki nyumbani, au apande gari la kaka aliyefahamiana naye saa tatu zilizopita. Na lifti ya usiku mara nyingi hudaiwa kabla hujashuka. Msichana mwenye basi la kumrudisha anaweza kusema "asante, hapana" bila woga. Huyo ndiye atakayekuwa na uhuru wa kuchagua mpenzi, badala ya kuchagua usafiri.

KABLA HUJATOKA

Arena ijengwe leo au kesho, mambo haya yanakufaa kwenye kiwanja chochote:

• Ukiingia tu, tafuta milango miwili ya kutokea, si ule mmoja uliouingilia.
• Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana. Kwenye umati mtandao wa simu huzidiwa.
• Kila mmoja awe na nauli yake ya kurudi. Hata kama mwenzio ndiye aliyelipa kiingilio!
• Akina dada, viatu virefu ni vya picha. Beba na ndala kwenye pochi.
• Pakijaa mpaka huwezi kuinua mikono, ondokeni pamoja. Staa atakuja tena, mwenzi wako ni mmoja.