Umezibwa jino ng'ambo? Mweleze daktari kabla hajakusafisha

Mtu aliyeishi ugenini miaka kumi au ishirini hurudi nyumbani na mengi ambayo hayaonekani kwenye mizigo yake. Mojawapo ni meno yaliyotengenezwa huko alikokuwa. Jino moja lilizibwa Kigoma, jingine likavalishwa kofia Nairobi, la tatu likarekebishwa Brussels, na madaktari hao watatu hawajapata kuonana wala kuandikiana. Ndivyo ilivyo pia kwa wafanyabiashara wanaovuka kila siku kati ya Rubavu na Goma, au Bujumbura na Uvira, ambao hutibiwa upande ule ambako maumivu yamewakuta.

Siku moja mtu huyo anakwenda kusafishwa meno. Anaketi kitini, anafungua kinywa, na kila aliyemo chumbani anadhani kazi ni moja tu, kuondoa uchafu. Kumbe vyombo vile vinapita juu ya vitu viwili tofauti kabisa: jino alilozaliwa nalo na kiraka alichowekewa. Kinachofaa kwa jino si lazima kifae kwa kiraka.

Tuitazame kazi yenyewe. Ukoga, ule utando laini unaoota juu ya meno kila siku, usipopigwa mswaki vizuri hugandishwa na madini ya mate ukawa mgumu kama jiwe. Huo ndio ugaga, na mswaki hauuwezi. Daktari huukwangua kwa vyuma vya mkono au kwa mashine yenye ncha inayotetemeka mara 25,000 hadi 40,000 hivi kwa sekunde huku ikimwaga maji. Baadaye hung'arisha meno kwa kikombe kidogo cha mpira kinachozunguka, kilichopakwa dawa yenye chembe za kusugua. Kliniki nyingine zina mashine inayopuliza maji, hewa na unga kwa nguvu. Unga wa zamani ni wa soda, ndugu yake ile ya kuumulia mandazi.

Kiraka kinachoumia kwa urahisi ni kile cheupe kinachofanana na rangi ya jino, kiitwacho kompositi. Hicho ni mchanganyiko wa plastiki ngumu na chembe ndogo za kioo. Msomaji aliyewahi kupita barabara ya changarawe baada ya masika ataelewa mara moja kinachotokea. Mvua huchukua udongo, mawe yakabaki yamechomoza, na gari likaanza kuruka. Dawa ya kusugua yenye chembe kubwa hufanya vivyo hivyo, yaani hula plastiki na kuacha chembe za kioo zikiwa zimesimama. Ncha ya mashine ya mtetemo nayo ikigusa kiraka hicho huacha mikwaruzo, na pembeni, pale kiraka kinapokutana na jino, inaweza kumegua kipande.

Mikwaruzo hiyo ni midogo mno. Wataalamu hutumia kipimo cha mikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tangu miaka ya 1990 wamekubaliana kwamba ukwaruzo ukizidi mikroni 0.2, bakteria hupata pa kushikilia na ukoga huongezeka. Ulimi wa binadamu huanza kuhisi tofauti kwenye mikroni 0.25 hadi 0.5. Maana yake ni kwamba ukoga unaweza kuwa umeshapata makao kabla ulimi haujahisi lolote. Kwa mnywaji wa chai ya rangi au kahawa, dalili ya kwanza huonekana kwenye kioo: jino la mbele lililokuwa jeupe linashika rangi haraka kuliko wenzake, ilhali ndilo lililogharimu fedha nyingi kuliko yote.

Kuna kiraka kingine ambacho wengi waliokaa Tanzania huenda wanacho bila kukijua jina. Katikati ya miaka ya 1980, nchini humo kulianzishwa njia ya kuziba meno bila umeme wala mashine. Uozo huchokolewa kwa vyuma vya mkono, kisha tundu hujazwa aina ya saruji yenye unga wa kioo, iitwayo glasi ayonoma. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994, na imewafaa sana watu wa vijijini. Uzuri wa saruji hiyo ni kwamba hushikana na jino na kutoa floridi kidogokidogo. Udhaifu wake ni ulaini. Unga wa soda ukipulizwa juu yake huichimba, na hata unga wa kisasa ulio mpole zaidi haupaswi kuelekezwa hapo kwa muda mrefu.

Saruji hiyo ina adui mwingine asiyetazamiwa. Baada ya kusafisha, baadhi ya madaktari hupaka jeli ya floridi ili kuimarisha meno. Ipo jeli yenye asidi, na asidi hiyo hula glasi ayonoma na kufifisha mng'ao wa meno ya kauri. Ipo pia isiyo na asidi, na ndiyo inayomfaa mwenye meno ya kutengenezwa. Kuchagua kati ya hizo mbili hakuchukui hata dakika, mradi daktari ajue kilichomo kinywani.

Viraka vya zamani vya rangi ya fedha, vyenye zebaki, ni vigumu na huvumilia zaidi, ingawa navyo havitaki kusuguliwa vikavu hadi vikapata joto. Dhahabu ni laini na huchubuka. Kauri ni ngumu lakini ni kama kikombe cha chai, haikwaruziki upesi ila ukingo wake ukigongwa humeguka. Na mwenye jino la kupandikizwa kwenye mfupa aseme mapema kabisa, kwa sababu chuma cha kawaida huchubua titani iliyo chini, na kuna vyombo maalumu kwa kazi hiyo.

Malalamiko yanayosikika mara nyingi ni haya: “Nilikwenda kusafishwa, wakaning'oa kofia ya jino.” Ni kweli mtetemo unaweza kulegeza kofia. Madaktari wenyewe huutumia makusudi wanapotaka kutoa nguzo ya chuma iliyosimikwa ndani ya jino. Lakini kofia iliyoshikwa vizuri haidondoki kwa kupitiwa mara moja. Iliyodondoka mara nyingi ilikuwa imekwisha kuachia, saruji yake imeliwa, na ugaga ndio uliokuwa unaifunika. Kwa maoni yangu, afadhali iachie kitini pa daktari kuliko kwenye mfupa wa mbuzi harusini.

Asitokee mtu akasema basi kusafisha meno kuna hatari, tuache. Ugaga ukiachwa huandama fizi, fizi huvimba na kutoa damu, mfupa unaoshika jino hupungua, na mwisho jino zima hung'oka pamoja na kiraka chake. Mkwaruzo hurekebishika, lakini mfupa uliopotea haurudi kwa urahisi.

Kinachotakiwa ni maneno machache kabla ya kinywa kufunguliwa. Taja kila jino lililozibwa au kuvalishwa, mwaka gani, na nchi gani. Kama uliwahi kupewa kadi au picha ya eksirei, ibebe pamoja na hati zako za kusafiria. Uliza kama kuna haja ya kung'arisha meno yote, maana si lazima. Daktari anaweza kung'arisha pale tu penye madoa, akatumia dawa laini juu ya viraka, na vyuma vya mkono badala ya mashine kwenye kingo zake. Anayevukia upande wa Kifaransa asishangae akiulizwa habari za plombaji, kwani ndiko huko kuziba jino. Na akiambiwa detartraji, ndiko kukwanguliwa ugaga.

Wapo pia wanaoomba wasuguliwe kwa nguvu ili meno ya kahawia yawe meupe. Kwa watu waliokulia Arusha au Kilimanjaro, rangi hiyo mara nyingi imetokana na floridi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni. Imo ndani ya jino lenyewe, kwa hiyo haiondoki kwa kukwangua. Kusugua nyumbani kwa majivu, mkaa au chumvi ya mawe ni kujitafutia mikwaruzo ileile tuliyokwisha kuieleza, tena bila daktari wa kuilainisha.

Na iwapo baada ya kusafishwa ulimi unakuta mahali panapokwaruza, au jino la mbele limeanza kushika rangi, rudi usingojee liume. Si lazima kiraka kitolewe. Kompositi hulainishwa kwa visahani vyembamba vya kusugulia, daktari akianza na chenye chembe kubwa na kumalizia na laini kabisa. Kauri hung'arishwa kwa dawa yenye vumbi la almasi. Kwa kawaida kazi hiyo huhitaji dakika chache tu, bila sindano ya ganzi.