Je, Wajua? Kiti cha ngozi hulainishwa na mpandaji mwenyewe

Kiti cha baiskeli cha ngozi cha mtindo wa zamani hakina sponji ndani. Ni kipande kimoja cha ngozi nene ya ng'ombe, kimewambwa kama ngoma juu ya fremu ya chuma na kushikiliwa kwa misumari. Kikiwa kipya ni kigumu kweli, na wengi hukikatia tamaa mapema mno. Ukikivumilia kwa mamia ya kilometa, joto, jasho na uzito wako hukilainisha. Mifupa miwili ya makalio huchimba vibonde viwili vidogo, na hapo ndipo kinapokuwa chako hasa.

John Boultbee Brooks, fundi wa ngozi wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya kiti cha aina hii mwaka 1882. Modeli ya B17 ya kampuni yake imetengenezwa kwa zaidi ya miaka 100.

Usikikalie kikiwa kimelowa chapachapa, maana ngozi hunyumbuka ikapoteza umbo. Kiache kikauke kivulini, kisha ukipake mafuta ya nta. Kikianza kubonyea katikati, kaza nati iliyo chini ya pua yake, robo mzunguko tu.