Tukiite kiinitete?

Mwaka 2023 watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, wakiongozwa na Jacob Hanna, walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyootesha maabarani umbo dogo la seli za binadamu bila yai wala mbegu ya mwanamume. Walianza na seli-shina, yaani seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa ngozi, damu au neva. Sehemu yake waliichochea kwa kemikali iwe seli za kondo la nyuma na za mifuko inayozunguka mimba, kisha wakazichanganya zote. Mikusanyiko mingi haikufika popote. Karibu 1 kwa kila 100 ilijipanga yenyewe, ikafanana na kiinitete cha siku 14. Ilitoa hata homoni ya mimba: kipimo cha kawaida kilionyesha kuna mimba, na mama hayupo.

Biolojia si fani yangu. Kilichonivuta ni jina. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 inakataza kukuza kiinitete maabarani kupita siku 14, kwa kuwa karibu na siku hizo huanza kuonekana mstari unaoonyesha kichwa kitakuwa wapi na mkia wapi. Lakini sheria hushika neno kabla ya kushika kitu. Je, umbo hili ni kiinitete? Chama cha kimataifa cha watafiti wa seli-shina kilijibu mwaka huohuo kwamba sivyo, kikakataa pia kuliita la sintetiki.

Sisi tutasemaje kwa Kiswahili? Tukisema "kiinitete bandia", neno linatuvuta pande mbili: meno bandia ni msaada, noti bandia ni udanganyifu. Tukisema "mfano wa kiinitete", hali ni mbaya zaidi. Mfano ni kitu kinachofanana na kingine, lakini pia ni kimoja kati ya vitu vyenyewe: embe ni mfano wa tunda, nalo ni tunda. Msomaji anaweza kuelewa kinyume kabisa.

Napendekeza "mwigo wa kiinitete". Tanakali "chubwi" huiga sauti ya kitu kinachotumbukia majini, lakini yenyewe hailowani.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wanabiolojia. Lakini seli-shina zaweza kupatikana hata kwa kurudisha nyuma seli za ngozi ya mtu mzima, kama kundi la Shinya Yamanaka lilivyoonyesha mwaka 2007. Siku mama atakapoombwa kipande cha ngozi yake kwa utafiti wa namna hii, atakubali au atakataa kwa kutegemea neno alilosomewa, na neno hilo litakuwa limechaguliwa na mfasiri.

Nakiri kwamba pendekezo langu lina mpaka wake. Kadiri mwigo unavyozidi kukaribia kitu chenyewe, ndivyo jina hili litakavyozidi kulegea. Hapo itatubidi tukae tena, safari hii pamoja na wanabiolojia.