MJI WA BATH: MAJI YA MOTO NA MAJUMBA YALIYOTUNZWA

Katika upande wa magharibi wa Uingereza, mwendo wa maili zipatazo mia moja kutoka London, uko mji uliojengwa bondeni kando ya mto uitwao Avon. Mji huo ni Bath, na maana ya jina lake ni mahali pa kuogea. Si mji mkubwa, wala hausifiki kwa viwanda. Hata hivyo, kila mwaka watu wengi sana hufika huko kutoka pande zote za dunia, na shughuli yao kubwa ni kutembea kwa miguu na kuyatazama majengo ya kale. Mwaka wa 1987 mji huo wote uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia inayowekwa na UNESCO, na mwaka wa 2021 uliandikwa mara ya pili, pamoja na miji mingine kumi ya Ulaya iliyo mashuhuri kwa maji ya tiba.

Mgeni aingiapo Bath kwa mara ya kwanza huona majumba ya mawe yenye rangi kama ya asali, yamepangwa vizuri juu ya vilima, naye hudhani kwamba yamesimama hivyo siku zote. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Hakuna mji unaofaa methali hiyo kuliko Bath. Kila jengo lake lilijengwa kwa sababu fulani, kwa fedha za watu fulani, na kama lipo hata leo, ni kwa kuwa watu fulani walikataa kuliacha lianguke.

MAJI YATOKAYO CHINI YA NCHI

Asili ya mji ni maji. Katikati ya Bath kuna chemchemi tatu za maji ya moto, na iliyo kubwa kupita zote hutoa zaidi ya lita milioni moja kila siku, yenye joto la digrii 46 za sentigredi. Hakuna mlima wa moto karibu na hapo. Wataalamu wa miamba hueleza kwamba ni maji ya mvua iliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita, hasa juu ya vilima vya Mendip, kusini-magharibi ya mji. Maji hayo yalizama polepole katika mawe ya chokaa mpaka kina cha zaidi ya mita 2,000, yakapashwa moto na joto lililomo ndani ya nchi, kisha yakapata ufa katika mwamba na kupanda juu kwa nguvu. Njiani yaliyeyusha madini ya namna nyingi, na ndiyo sababu yana ladha yake ya pekee.

Warumi walioivamia Uingereza mwaka wa 43 walistaajabu kuyaona maji hayo katika nchi yenye baridi. Wenyeji walikuwa wakimheshimu hapo mungu wa kike aliyeitwa Sulis. Warumi hawakumfukuza, bali walimwunganisha na mungu wao Minerva, wakamjengea hekalu katika karne ile ile ya kwanza. Kando ya hekalu walijenga hamamu, yaani nyumba ya kuogea, yenye vyumba vya joto na vya baridi na birika kubwa katikati. Sakafu ya birika hilo waliifunika kwa mabamba ya madini ya risasi ili maji yasivuje. Mabamba hayo yangalipo mahali pake, na maji bado yanaletwa birikani kwa nguvu zake yenyewe, bila mashine, kama ilivyopangwa na mafundi wale.

Mgeni anapotazama birika hilo ni vyema ajue kutenganisha mambo ya zamani mbili. Sehemu za chini, pamoja na vitako vya nguzo, ni kazi ya Warumi. Nguzo zenyewe kwenda juu, pamoja na baraza yenye sanamu za watawala, ziliongezwa mwishoni mwa karne ya 19, baada ya birika kufukuliwa kutoka chini ya majumba yaliyokuwa yamelifunika.

Katika jumba la makumbusho lililo hapo hapo vimewekwa vibao vyembamba vya risasi vipatavyo 130 vilivyotolewa chemchemini. Watu wa kawaida waliviandika maombi ya kumtaka mungu wao awaadhibu waliowaibia. Mmoja alilalamikia joho lake, mwingine glavu, mwingine fedha kidogo. Majemadari na wafalme wa Kirumi husomwa katika vitabu vingi, lakini katika vibao hivyo husikika mtu mnyonge aliyeibiwa nguo alipokuwa akioga, na ambaye hakuwa na mahali pengine pa kupeleka mashtaka yake.

KANISA LENYE NGAZI ZA MALAIKA

Baada ya utawala wa Warumi kwisha katika karne ya 5, hekalu liliporomoka na tope likafunika hamamu. Mji haukufa. Mwaka wa 973 Mfalme Edgar alivikwa taji katika kanisa la watawa lililokuwa hapo. Kanisa linaloonekana leo, hatua chache tu kutoka chemchemi, lilianzishwa mwaka wa 1499 na Askofu Oliver King. Husimuliwa kwamba askofu huyo aliota ndoto ya malaika wakipanda na kushuka ngazini, na kweli katika ukuta wa mbele wa kanisa zimechongwa ngazi mbili ndefu za mawe, na malaika wamezishika, wengine wakielekea juu na wengine chini.

Kazi ilikuwa haijakwisha ilipofika mwaka wa 1539, ambapo nyumba ya watawa ilifungwa kwa amri ya Mfalme Henry VIII. Mabati ya risasi, vioo na kengele viliuzwa, na kanisa likabaki bila paa kwa miaka mingi. Katika karne iliyofuata wenyeji na wafadhili walichanga fedha, wakaliezeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Bath waliyajua maneno hayo mapema.

MTU NA MWANAWE WALIOUJENGA MJI UPYA

Katika karne ya 18 matajiri wa Uingereza walianza kumiminika Bath. Waliambiwa na waganga wao wayanywe maji na kuyaoga, lakini wengi walikuja pia kucheza ngoma, kucheza kamari na kutafuta wachumba. Bwana mmoja, Richard Nash, alikuwa msimamizi wa starehe za mji kwa zaidi ya miaka hamsini. Aliweka kanuni za adabu, hata akawakataza waungwana kuvaa panga mjini.

Wageni hao walihitaji mahali pa kukaa. Ralph Allen, aliyekuwa na machimbo ya mawe juu ya kilima, aliyateremsha mawe yake kwa magari yaliyopita juu ya reli za mbao. John Wood alichora ramani ya mitaa mipya. Alipofariki mwaka wa 1754, mwanawe aliyeitwa pia John Wood aliiendeleza kazi. Wawili hao ndio walioipa Bath sura yake. Baba alianzisha nyumba 33 zilizopangwa kwa duara kamili, ziitwazo Circus. Mwana alijenga, kati ya 1767 na 1775, mtaa uitwao Royal Crescent, ambao ni nyumba 30 zilizoungana katika umbo la hilali, zikitazama majani mabichi ya bustani, na mbele yake zimesimama nguzo 114.

Royal Crescent ina siri ambayo wageni wengi hawaioni. John Wood alijenga ukuta wa mbele tu. Kila mnunuzi alinunua sehemu yake ya ukuta huo, kisha akaajiri fundi wake kumjengea nyumba nyuma yake kama alivyotaka. Kwa hiyo mbele nyumba zote ni sawa kama kwamba ni jumba moja la kifalme, lakini nyuma moja imetokeza, nyingine imeingia ndani, na mapaa yanapishana juu na chini. Mtu mwenye busara hutazama pande zote mbili kabla ya kutoa hukumu.

FEDHA ZILITOKA WAPI?

Mazoea hayo ya kutazama nyuma ya ukuta yafaa pia kwa historia ya mji. Juu ya kilima cha Lansdown uko mnara mrefu wa futi 120, wenye kilele kilichopakwa dhahabu, uliokamilishwa mwaka wa 1827. Aliyeujenga ni William Beckford, mkusanyaji wa vitabu na picha za thamani, naye amezikwa karibu nao. Utajiri wake alirithi kutoka mashamba ya miwa ya Jamaika, ambako kazi yote ilifanywa na watu waliochukuliwa kutoka Afrika na wazao wao, wakiwa watumwa. Hawakulipwa ujira, na wengi walikufa mashambani.

Kwa muda mrefu wageni walioupanda mnara huo waliambiwa habari za picha na vitabu, na kidogo sana habari za miwa. Mnara ulipofunguliwa tena mwaka wa 2024 baada ya matengenezo makubwa, habari za watumwa nazo ziliwekwa wazi katika maonyesho yake. Jambo hilo halikuupunguzia mnara uzuri. Lililobadilika ni kwamba waliolipa gharama zake sasa wanatajwa.

MOTO WA MWAKA WA 1942

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika usiku wa tarehe 25 na 26 Aprili, 1942, ndege za Ujerumani ziliipiga Bath kwa mabomu. Watu zaidi ya 400 waliuawa na maelfu ya nyumba kuharibiwa. Jumba la mikutano na dansi, lililojengwa na John Wood mwana na kumalizika mwaka wa 1771, liliteketea ndani likabaki kuta tupu. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu lilipokuwa limetengenezwa vizuri. Likatengenezwa tena, na mwaka wa 1963 milango yake ikafunguliwa.

Ajabu ni kwamba hatari iliyofuata haikuletwa na adui. Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, mitaa mizima ya nyumba ndogo za kale, walimokaa mafundi na watumishi, ilibomolewa kwa idhini ya wakubwa wa mji wenyewe ili kupisha majengo ya kisasa. Majumba ya matajiri yaliachwa. Wananchi wakapiga kelele magazetini na mikutanoni, mpaka bomoabomoa ikakomeshwa. Nyumba zilizookolewa ni nyingi, lakini zilizokwisha vunjwa hazikurudi.

NYUMBA YA MFALME WA UHABESHI

Nje kidogo ya katikati ya mji, upande wa magharibi, iko nyumba iitwayo Fairfield. Haina nguzo 114, wala haikujengwa na John Wood, lakini Mwafrika afikaye Bath hawezi kuipita. Waitalia walipoiteka Uhabeshi mwaka wa 1936, Mfalme Haile Selassie alikwenda Geneva, akasimama mbele ya Chama cha Mataifa mwezi wa Juni kuitetea nchi yake. Hakupata msaada. Akaenda Bath, akainunua nyumba hiyo, na humo alikaa na jamaa yake katika miaka ya uhamisho.

Mwaka wa 1940 aliondoka kwenda Sudan. Mwaka uliofuata majeshi yaliyotoka Kenya, yenye askari wengi wa Afrika ya Mashariki, yalipitia Somalia na kuingia Addis Ababa mwezi wa Aprili. Tarehe 5 Mei, 1941, Haile Selassie alirejea katika mji wake mkuu, miaka mitano kamili tangu siku Waitalia walipouingia. Kwa hiyo walikuwapo askari wa Kenya walioipita njia ile iliyomtoa mfalme katika nyumba ya Fairfield, ijapokuwa wao wenyewe hawakuiona Bath kamwe. Mwaka wa 1958 mfalme aliitoa nyumba hiyo kwa mji, itumike kwa faida ya wazee.

NAMNA YA KUUTEMBELEA MJI

Bath yaweza kutembelewa kwa miguu kwa siku moja. Njia njema ni kuanzia chemchemini asubuhi, kuingia kanisani, kisha kwenda kwenye daraja la Pulteney, lililokamilika mwaka wa 1774, ambalo lina maduka pande zote mbili hata mtu apitaye juu yake asijue kwamba chini yake ni mto. Kutoka hapo hupandwa kilima mpaka Circus na Royal Crescent, ambako nyumba namba 1 imefanywa makumbusho. Mnara wa Beckford na nyumba ya Fairfield ziko mbali zaidi, na yafaa kuuliza kwanza siku zake za kufunguliwa.

Jambo moja la kukumbuka ni kwamba hairuhusiwi kuoga katika birika la Warumi. Mwaka wa 1978 ilionekana kwamba vijidudu vya hatari vimeingia majini, na kuoga kukakatazwa mji mzima. Ilibidi kuchimba visima vipya vyenye kina ili kuyapata maji safi kabla hayajachafuliwa, na mwaka wa 2006 hamamu mpya ilifunguliwa, ambamo watu huoga salama katika maji yale yale ya moto. Hata chemchemi, basi, iliyotoka ardhini bila kuombwa kwa maelfu ya miaka, ilihitaji mikono ya watu ili iendelee kuwafaa watu.