Msaada kwa Wenye Mashamba Wanaotaka Kurudisha Miti ya Asili

Watu wengi wa Kitale na Bungoma wakisikia neno msonobari huwaza ule mti wenye majani kama sindano uliopandwa kwa safu ndefu huko Turbo, ambao magogo yake yalipelekwa Webuye kufanywa karatasi, mpaka kiwanda cha Pan Paper kilipofungwa mwaka 2009. Mti ule ni mgeni. Aina iliyopandwa sana katika nchi yetu asili yake ni Mexico. Kenya haina msonobari wa asili hata mmoja. Ila inayo miti miwili iliyo jamaa zake wa mbali, nayo ni podo na mtarakwa.

Zamani miti hii ilikuwa mingi katika miteremko ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Mtarakwa hauliwi upesi na mchwa, kwa hiyo ulikatwa kwa nguzo za ua, na mbao zake zilipelekwa ng'ambo kutengenezwa penseli. Podo ulipasuliwa mbao za sakafu na dari. Walowezi walisafisha ardhi ya Trans Nzoia kwa ajili ya mahindi, na baada yao mashamba makubwa yakagawanywa kwa wengi. Leo mtu akitaka kuona namna nchi ilivyokuwa, na aende nyuma ya Makumbusho ya Kitale, ambako kipande kidogo cha msitu wa asili kimebaki kando ya mto.

Sasa wako wenye mashamba wanaotaka kuirudisha miti hiyo, nao huuliza: Je, serikali itatusaidia? Jibu ni kwamba msaada upo, lakini si wa namna ambayo wengi hutumaini. Huko Uskochi, mwenye ardhi anayerudisha misonobari ya asili ya nchi ile huweza kupewa ruzuku na serikali, fedha taslimu kwa kila hekta. Msaada wa kwetu ni zaidi wa maarifa, miche na nafuu ya kisheria.

Kwanza ieleweke sheria inataka nini. Kanuni za Misitu ya Mashambani za mwaka 2009 zinamtaka kila mwenye shamba atenge sehemu ya kumi ya shamba lake kwa miti. Aliye na eka tano, basi, huwiwa nusu eka. Hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye mahindi ya nusu eka hiyo ndiyo karo ya mtoto wake, wala si vema kumwambia kwamba hapotezi kitu. Lakini si lazima miti ikae pamoja kama msitu. Mipaka ya shamba, kingo za mto na mteremko usiolimika vyote huhesabiwa.

Aliye na ardhi ya kutosha kufanya msitu kamili anayo njia nyingine. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inautambua msitu wa mtu binafsi, hata ule ambao ndio kwanza unapandwa. Mwenye kuuandikisha kwa Shirika la Misitu la Kenya, yaani KFS, anastahili kupata mashauri ya utaalamu, na mkopo kutoka katika mfuko wa misitu, fedha zikiwapo. Tena aweza kuomba asamehewe kodi ya ardhi hiyo, yote au sehemu yake. Maneno “fedha zikiwapo” yasomwe kwa makini. Mtu asiuze ng'ombe wake leo kwa kutumainia mkopo ambao bado hajauona.

Mashauri ndiyo yenye faida ya karibu zaidi, kwa sababu hasara kubwa ya wapandaji ni kupanda mti usiopatana na mahali. Kitale iko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na podo na mtarakwa huota vizuri huko. Bungoma iko chini, karibu mita 1,400. Mtu wa Bungoma akipanda mtarakwa kwa kuwa ameuona ukipendeza Kitale, huenda akangoja bure. Afadhali apande mvule, mutere, lusiola au mukomari, ambayo ni miti ya asili ya joto lake. Wale wa miteremko ya juu ya Elgon, ingawa wamo katika kaunti ya Bungoma, wafuate desturi ya Kitale.

Jambo jingine ambalo Bwana Misitu atakueleza, kama wazee wanavyomwita hata leo, ni kwamba podo una mti dume na mti jike. Mtu aliyepanda mitatu tu huenda asione mbegu maisha yake yote. Mche wa podo huvumilia kivuli, kwa hiyo waweza kupandwa chini ya miti mingine iliyotangulia. Mtarakwa hutaka jua. Mbegu za podo hazikai sana ghalani. Mbegu zilizochunguzwa huuzwa na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, yenye makao makuu Muguga.

Yapo pia mashirika yasiyo ya serikali. One Acre Fund, iliyoanzia Bungoma mwaka 2006, imewapa wakulima mbegu za miti, hasa mgrivilea, ambao hukua upesi lakini ni wa Australia. Vi Agroforestry ya Uswidi ilianza mwaka 1983 kwa michango ya wasomaji wa gazeti moja la huko, na kazi yake ya kwanza ilikuwa Pokot Magharibi. Ni shirika hilo lililosimamia mpango wa hewa ya kaboni ambao Benki ya Dunia iliutilia sahihi mwezi wa Novemba 2010. Januari 2014 mpango ule ulipewa hati za kwanza, za tani 24,788.

Hapa wengi hudanganyika. Wakulima katika mpango ule walikuwa kama 60,000, na faida ya fedha iliyotarajiwa kuwafikia ilikuwa zaidi kidogo ya dola 350,000. Ukigawa, kila mmoja hupata dola sita hivi, tena si za mwaka mmoja. Mafunzo ya kutunza udongo yalikuwa na thamani kuliko fedha hizo. Kwa hiyo akija mtu na karatasi ya kaboni, asitie sahihi yeyote kabla ya kujua mkataba ni wa miaka mingapi na nani ataruhusu mti kukatwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2023 yameweka fungu la mapato kwa wenyeji katika ardhi ya umma na ya jumuiya. Mwenye shamba lake binafsi hulindwa zaidi na maneno ya mkataba wake mwenyewe. Na ikiwa hati ya shamba ingali kwa jina la marehemu baba, ndugu wapatane kwanza, kwa maana mti uliopandwa juu ya ugomvi hukatwa usiku.

Anayetaka kuanza na aende katika ofisi ya misitu ya kaunti au ya KFS, akiwa na hati yake, mapema kabla ya mvua ya Machi na Aprili. Podo hukawia sana kitaluni, na miche ya mwaka huu ni ile iliyooteshwa zamani.